Simama, Bi Honi!

Kitu cha kwanza unachokiona kwa Bi Honi si kiti chake cha magurudumu, bali honi ya lori aliyoifunga kwenye kiti hicho. Huibonyeza popote: benki, kliniki, hata mazishini watu wakiziba njia. Mchana huchonga funguo kibandani kwake. Jioni, mikono ikiwa bado inanuka chuma, huenda ukumbi wa mazoezi kupigana na maputo yasiyokuwapo.

Maputo hayo huishi ndani ya miwani mikubwa nyeusi. Ukiivaa, ukumbi unatoweka, maputo yanakujia usoni, nawe unayatwanga. Wachezaji wote hukaa, mwenye miguu mizima na mwenye iliyogoma, ili asiwepo wa kumwonea mwenzake. Timu ya mashindano ilikuwa imebakiza nafasi moja tu, na Bi Honi aliitaka hasa. Tangu miguu imgomee, kila mchezo ulimwalika kuja kuwapigia wengine makofi tu.

Mpinzani wake alikuwa mume wa dada yake, fundi rangi mwenye nyonga mbovu na mdomo mzima.

"Abiria umefika?" alimpokea.

"Nimefika, shemeji. Dada anasema ukishindwa, vyombo vinakusubiri."

Bi Honi alianza. Maputo yalipasuka kama bisi, mpaka taa nyekundu ikawaka ndani ya miwani na sauti ikaamuru: "Simama!"

"Nisimame na nini, mwehu wewe?" alifoka, akazidisha ngumi. Alama zikaporomoka.

Zamu ya shemeji. "Simama!" Naye akainuka, kifua mbele, kama aliyesikia wimbo wa taifa, huku akiendelea kutwanga. Alama zake nazo zikaporomoka. Sare.

"Mashine mbovu," alinung'unika, akaondoka akichechemea. Mechi ya marudio ikapangwa Jumamosi.

Shemeji alipotokomea, Bi Honi alimgeukia mwalimu wa mazoezi. "Miwani yako haina adabu. Mtu yuko kwenye kiti, inamwambia asimame?"

Mwalimu alicheka mpaka akaushika ukuta. "Haikwambii uinuke, dada! Inakwambia uache kupiga. Simama, kama gari linavyosimama."

Tabasamu likaanza kumtambaa Bi Honi usoni.

"Nitaibadilisha," mwalimu alisema. "Iseme 'acha'."

"Thubutu! Ukiligusa hilo neno nakubadilishia kufuli la nyumba, ulale nje."

"Basi mwambie shemeji yako."

"Nitamwambia. Jumapili."

Leo ni Jumamosi. Wamekaa bega kwa bega, kila mmoja kazama ndani ya miwani yake. Dada mtu yuko mlangoni, kashika sponji ya vyombo.

"Abiria, funga mkanda!" shemeji anatamba.

Bi Honi anajibu kwa honi, ukumbi mzima unaruka. Ngumi ziko juu. Maputo ya kwanza yanakuja, naye anayapasua huku akiingoja kwa hamu taa nyekundu.