Msasa na Ngozi ya Mwanawe

Mtaani seremala mmoja walimwita Msasa, kwa sababu ukishikana naye mkono unaondoka kama umepigwa randa. Kazi zilipopungua karakanani na likizo ya uzazi ya mkewe ikaisha, walipokezana: mke akarudi ofisini, Msasa akabaki na binti yao mchanga.

Alijitahidi. Kila akibadilisha nepi alimsafisha mtoto kwa sabuni ya manukato, akamsugua mpaka aridhike, kisha akamkaza nepi isije ikavuja. Mtoto akawa analia kila akilazwa chali. Mama mkwe, aliyekuja kuwasaidia, alisema, "Huyo kachukua hasira za baba yake." Msasa alicheka. Lakini asubuhi moja aliona makalio yamekuwa mekundu, na mikunjo ya mapaja imechubuka. Akanywea, akambeba hadi zahanati.

Nesi alimkagua mtoto, kisha akaitazama mikono ya baba.

"Unamsafishaje?"

"Namsugua atakate."

"Hiyo ni ngozi, baba, si sufuria."

Akamwelekeza: sabuni na poda aziache, maji ya uvuguvugu yanatosha, amkaushe kwa kumgusagusa, amwache wazi apate hewa, ampake mafuta ya mgando, na nepi ikilowa tu aibadilishe. Akiona usaha au homa, amrudishe upesi.

Nyumbani Msasa alitandika shuka karibu na dirisha. Vidole vyake hakuviamini. Alimmiminia maji kwa kikombe, kidogo kidogo, kama anayemwagilia mche. Alimkausha kwa fulana kuukuu, na mafuta akayapaka kwa mgongo wa kidole, palipo laini. Mtoto alikunja uso, akajiandaa kulia, akaghairi. Kisha akamkojolea kifuani.

"Ahsante, mama," Msasa alimwambia bintiye, akabaki pale pale na shati lililolowa.

Mama mkwe alitokea na kopo la poda. Tangu amwoe binti yake, Msasa hakuwahi kumkatalia neno.

"Hapana, mama. Nesi amekataza."

 Mama mkwe aliliweka kopo juu ya kabati, akaketi upande wa pili wa shuka, akampepea mjukuu kwa kitambaa.

Wekundu ulififia polepole. Jioni moja mke alimlaza mtoto chali, akashangaa kimya kile.

"Umempaka dawa gani?"

"Mafuta tu," Msasa alisema. "Mengine nimepunguza."