Besi ya Mjomba Haipimwi Peke Yake

Mjomba wangu amepiga gitaa la besi miaka ishirini na sita katika bendi yetu ya sherehe, na miaka yote hiyo sijamsikia akimpandishia mtu sauti. Hasira zote za ukoo nadhani nilirithi mimi. Ndiyo maana habari hii naisimulia mimi, mwimbaji wa bendi hiyohiyo, kwa sababu yeye ukimuuliza atakujibu, "Yamepita hayo." Hayajapita.

Siku za kazi mjomba ni fundi cherehani. Siku za sherehe huja na amplifaya yake mwenyewe, nzito kama kabati la vyombo, na kabla hajagusa gitaa huinama mbele ya vile vitufe vya kuzungusha na kuvisoma kama saa ya ukutani. Kile cha kuingiza nguvu hukielekeza saa tatu, kwani ukikizidisha sauti inaanza kukwaruza. Besi saa sita. Sauti ya kati saa nane. Ile nyembamba, saa nne. Kila mahali ameweka alama kwa chaki yake ya kukatia nguo. Kisha huivuta amplifaya hatua mbili kutoka kwenye kona, maana kona huivimbisha besi ikawa mngurumo mtupu.

Ukimsikia akipiga peke yake utasema ni besi ya kawaida tu. Subiri bendi nzima iingie. Hapo utaisikia ina joto, safi, kila noti mahali pake, haimsukumi mtu wala haisukumwi. Mimi naimba nikiwa nimeiegemea besi hiyo. Nikipotea, narudi kwake.

Sasa kiongozi wetu wa bendi ana shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtu mzima mwenye gitaa jipya linalong'aa. Siku moja kiongozi akatuambia mazoezini kwamba atawapima wapiga besi wawili, mmoja mmoja, sisi wengine tukae kimya. Shemeji akazungusha besi hadi mwisho, sauti nyembamba hadi mwisho, ile ya kati akaishusha kabisa. Chumba kikatetemeka, vioo vya madirisha vikalia. Kiongozi akafumba macho kwa raha. Alipofuata mjomba, kiongozi alikuwa anatazama simu yake.

"Mzee, sauti yako ni safi, sikatai," akasema. "Ila haina mvuto."

Nikashindwa kunyamaza. "Wapime tukiwa tunapiga wote. Nani analamba chumvi peke yake akasema mboga imeharibika?"

"Wewe imba," akanijibu. "Mambo ya mitambo tuachie sisi."

Kumbe hayo yalikuwa madogo. Mjomba akaambiwa abaki kwenye bendi, ila kazi yake sasa iwe kubeba vyombo na kuunganisha waya, na amplifaya yake iendelee kutumika kwa kuwa shemeji hana. Yaani mtu afukuzwe mezani, sufuria lake libaki jikoni kwenu. Na mjomba akakubali.

"Mjomba, umekubali kweli?" nikamuuliza tukiwa njiani.

"Bendi ni yetu sote, mama. Muziki usiharibike kwa ajili yangu."

Siku hiyo sikula.

Jumamosi tukawa na harusi ya mchana. Nilipofika ukumbini nikamkuta shemeji ameshaisukuma amplifaya hadi kwenye kona, eti ipate nguvu, na ameipangusa kwa kitambaa kibichi. Alama za chaki hakuna hata moja. "Nimekutolea uchafu, mzee," akamwambia mjomba, na wala hakuwa na nia mbaya, jambo ambalo liliniudhi zaidi. Mjomba akasema ahsante.

Wimbo wa kwanza ukatushinda. Gitaa na kinanda vilipoingia, besi ikatoweka, ikabaki ngurumo chini ya sakafu na makelele ya nyuzi juu. Nikaitafuta noti yangu nisiione. Wa pili nikauanza chini mno, sauti ikanikwama kooni mbele ya ukumbi mzima, na shangazi yake bibi harusi pale mbele akaziba masikio. Wachezaji wakarudi vitini. Kiongozi akaninong'oneza, "Vipi leo, sauti imechoka?"

Mimi! Nikamgeuzia mgongo, nikachukua chupa ya maji.

Wakati wa mapumziko mjomba akaweka chini waya alizokuwa anakunja. Akaivuta amplifaya hatua mbili, akapiga magoti, akavirudisha vitufe kimoja kimoja. Hakuhitaji alama. Akamwambia shemeji kwa upole, "Nyuzi usizikwanyue, ziguse. Sogeza mkono karibu na shingo ya gitaa." Na shemeji, haki yake nimpe, akasikiliza.

Tuliporudi jukwaani ukumbi wote ukasimama. Sauti yangu ikapata pa kukaa, hata yule shangazi akavua viatu akacheza. Kiongozi, jasho likimtiririka, akaninyang'anya kipaza sauti.

"Mpigieni makofi mpiga besi wetu mpya," akasema. "Si mmesikia wenyewe? Tulichelewa tu kubadilisha."

Watu wakapiga makofi. Shemeji akainamisha kichwa. Mjomba alikuwa nyuma ya pazia, kachuchumaa na waya zake, na nilimwona akijipangusa viganjani chaki aliyochorea alama upya. Nilitaka kulia, kwa hasira, si kwa huruma.

Wageni walipoanza kuondoka, mjomba akaichomoa amplifaya na kuufunga waya wake.

"Mzee, hiyo ibaki kwenye stoo ya bendi," kiongozi akasema.

"Hapana. Hii inarudi nyumbani."

"Inarudi vipi? Na Jumamosi ijayo tuna shughuli?"

Mjomba hakupandisha sauti. "Si mlimpima shemeji peke yake mkaridhika? Basi apige peke yake."

Akashika kishikio kimoja cha amplifaya. Kiongozi akanigeukia mimi, akasubiri nimsemeshe mjomba wangu. Nikakiweka kipaza sauti juu ya kiti, nikashika kishikio cha pili.