Kifaru cha Madibira

"Siku kifaru changu kikitoka nje, Mjerumani aliyekufa atafufuka anyooshe mikono."

Hayo Marcelino aliyatamka mnadani Madibira, kwa kipaza sauti alichoazima kwa muuza sumu ya panya. Watu wakapiga makofi. Mnadani pale watu hupigia makofi hata panya waliokaushwa.

Hakuwa kichaa. Alikuwa Mhehe wa Ifunda, aliyejifunza kuchomelea vyuma Mafinga kisha akashuka Madibira kufuata mpunga. Mali yake ilikuwa pawatila nyekundu, lile trekta dogo ambalo dereva hutembea nyuma yake. Ndiyo iliyovuruga tope la majaruba yake na ya nusu ya majirani. Mkewe, Faustina, aliiosha vizuri kuliko alivyowaosha watoto.

Ugonjwa wa Marcelino ulikuwa filamu moja ya zamani ya vita, iliyorudiwa kwenye kibanda cha video kila umeme ulipokuwepo. Aliitazama mpaka filamu ikaanza kumjua yeye. Wenzake waliangalia nani atakufa. Yeye aliangalia vyuma: mizinga, rashasha, magari ya maofisa, na zaidi ya vyote vifaru.

"Hicho si cha Mjerumani," alikuwa akisema risasi zikirindima. "Ni cha Mmarekani, wamekivalisha mabati na kukichora msalaba. Angalieni magurudumu."

"Kaa chini, jenerali. Unatuzibia Mjerumani."

Ndipo akaja Adrian, kijana wa Mbeya mjini, na kamera yake. Alikuwa anatengeneza filamu ya vita, na mfuko wake ulitosha kofia za chuma, zote za plastiki.

"Fundi, nasikia vifaru unavijua."

"Wazungu walivalisha kifaru kimoja kikawa kingine. Mimi nishindwe kuvalisha pawatila?"

Hapo akajimaliza. Mabati aliyachomelea moja kwa moja kwenye fremu, yasicheze mbele ya kamera. Mzinga ulikuwa ekzosi ya Fuso. Minyororo ilikuwa mkanda chakavu wa mpira uliotoka kiwanda cha karatasi Mgololo, na riveti zilikuwa vizibo vya bia. Mwisho akachora msalaba mweusi ubavuni, kama ule wa kwenye filamu, akarudi nyuma hatua chache kujisifu.

Faustina hakusifu. "Baba Happy, zamu yetu ya maji ni wiki ijayo. Haro ya kuvurugia tope utaifunga wapi hapo?"

"Wanapiga picha Jumamosi. Jumapili nakata mabati. Mama Happy, Wahehe hatujamaliza kesi na Mjerumani."

"Hiyo kesi inaliwa na mboga gani?"

Alicheka, lakini alijua. Kwenye skimu ya umwagiliaji maji hayamsubiri mtu. Yakifunguliwa upande wako unavuruga na kupanda. Usipokuwa tayari yanakwenda kwa jirani, na mwaka wako umekwenda nayo.

Jumamosi watu walijaa kama mnadani. Kifaru kikatambaa, kikakohoa, kikashangiliwa. Adrian akamvuta pembeni.

"Sasa fundi, kinaungua."

"Nini kinaungua?"

"Kifaru. Si umekichora msalaba mwenyewe? Hicho ni cha adui."

Marcelino akautazama ule msalaba. Kwenye ile filamu kila kifaru chenye msalaba kiliungua, na yeye alikijua kinachotangulia na kinachofuata. Hakuwahi kufikiri kwamba kimoja kingekuwa na haro inayokisubiri nyumbani.

"Moshi tu," Adrian alisema. "Mabua mabichi kidogo, juu ya bati."

Angeweza kukataa. Angeweza hata kuridhika na hayo mabua mabichi. Lakini umati ulikuwa unamtazama, na moshi wa mabua mabichi ulipotoka, mmoja akauliza kama mahindi yameiva.

Marcelino akayatupa yale mabua. Kwa mikono yake akashindilia makavu tumboni mwa kifaru, akanyunyiza dizeli, akawasha.

Mkanda wa mpira ulishika kwanza, kisha tangi la mafuta. Faustina alifika mbio na ndoo, akakuta mfereji mkavu. Zamu yao ilikuwa bado. Watu walipiga makofi. Adrian hakuzima kamera.

Maji yalikuja kama yalivyopangwa. Yakatuama kwenye jaruba lisilovurugwa, yakaakisi mawingu vizuri sana, yakaenda kwa jirani.

Filamu ilipooneshwa Mbeya, Marcelino alipewa kiti cha mbele. Kifaru kilionekana kwa muda wa kupiga chafya. Kijana nyuma yake akamwambia mwenzake, "Feki hiyo. Cheki magurudumu."

Hakugeuka. Mlangoni Adrian akampiga begani: "Fundi, umeua. Ya pili tunataka ndege."

Msimu uliofuata alikwenda mnadani na Faustina. Muuza sumu ya panya akamnyooshea kipaza sauti. "Jenerali, salimia wananchi." Marcelino akampita, akamfuata mkewe kwa muuza vyuma. Faustina ndiye aliyeuliza bei.

Jembe la mkono ni shilingi elfu kumi na mbili, bila mpini.