Fundi wa Maiki za Makanisa ya Malili

Fundi wa vipaza sauti pale Malili hasemi neno kabla ya kuipuliza maiki mara tatu, kisha hutikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Kila tatizo kwake lina dawa moja tu, nayo ni kuongeza antena. Kwenye harusi ya Kalondu, pasta aliuliza kama kuna mwenye pingamizi, na spika ikanguruma, “Toka, shetani!” Ilikuwa sauti ya mhubiri wa kanisa la ng'ambo ya barabara, ambalo fundi huyu pia ndiye aliyelifungia mitambo. Bwana harusi aliuachilia mkono wa Kalondu. Fundi alikuja mbio na waya wa mita mbili, akaanza kuufunga kwenye antena ya kipokezi cha maiki kwa vidole vyake vinene.

“Antena ni fupi, ndiyo maana,” alisema.

Mwalimu Ndunge, anayefundisha fizikia, alisimama. “Aii, fundi! Masafa ya juu ya redio, kama ya maiki hizi, hutaka antena fupi. Shida ni kwamba makanisa yote mawili umeyawekea masafa yale yale.”

Akabadilisha chaneli mwenyewe, kwenye maiki na kwenye kipokezi, na mhubiri akanyamaza.

“Hata mimi nilikuwa nafikia hapo,” fundi alisema. Kisha akavuka barabara, akawaambia waumini wa kule kwamba amewaondolea kelele za harusi.