Bolti la Nne

Shangazi yangu, dada yake baba, ana pikapu iliyonizidi umri. Ndiyo inayoshusha kabichi na karoti zake kutoka huku kwetu Lushoto hadi sokoni Magoma. Likizo ya Juni pampu ya maji ilianza kuvuja, tukaamua kuifungua wenyewe. Mabolti matatu yalitoka kwa kelele. La nne, lililo chini kabisa, lilikataa.

Baba mkubwa alikuwa amesimama pembeni na kikombe chake cha chai.

"Likikatikia ndani ya injini, Alhamisi watu wa vyuma chakavu wanalibeba hilo gari. Nimechoka kulitazama."

"Kaka, kwani gari ni lako?"

"Uwanja ni wangu."

Shangazi akainamia injini. Hapo nikajua anaogopa, maana shangazi huwa anajibu.

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Hata darasani, jibu ninalo lakini mkono hauinuki. Ila kitu kikinasa, nataka kujua kimenasa vipi. Nilimulika kwa tochi ya simu. Kutu ilikuwa imetokeza kuzunguka shingo ya bolti kama mkate uliofura. Mwalimu wa kemia alishatuambia kwamba chuma kikipata kutu hutaka nafasi kubwa zaidi. Niliiandika nikafaulu nayo mtihani, lakini sikuwahi kuielewa mpaka siku ile. Bolti lilikuwa limenenepa ndani ya tundu lake.

Shangazi alitoa nondo jikoni, ncha yake nyekundu, akaikandamiza kwenye kichwa cha bolti. Kisha akagusisha mshumaa.

"He! Leo gari linafanyiwa bethdei?" baba mkubwa akauliza.

Nta iliyeyuka, halafu ikatoweka. Haikudondoka.

"Imekwenda wapi, shangazi?"

"Ndani."

"Inaingiaje mahali pasipo na nafasi?"

"Kamuulize mwalimu wako. Mimi nilionyeshwa na marehemu mume wangu, naye hakunieleza."

Mkono wake haukupita kule chini, wangu ulipita. Akanipa spana.

"Usilegeze. Kaza kwanza."

"Nikaze?"

"Kidogo tu. Lishtue."

Nilikaza, likalia *krii*. Nikalegeza, likalia tena. Nikawa naenda na kurudi hivyo, unywele kwa unywele, masikio yakiwa kazini kuliko mikono. Halafu ghafla spana ikaja kwa ulaini, bila sauti yoyote. Nikafurahi.

"Linakuja hilo! Vuta, mama, vuta!" baba mkubwa akasema.

Lakini mbona halilii? Wenzake watatu walipiga makelele mpaka mwisho. Mkubwa wangu ameniambia nivute, na kwetu mkubwa akisema, unafanya. Nikaachia. Spana ikarudi yenyewe pale ilipotoka, kama mpira.

"Mbona umeacha?"

"Halizunguki," nikasema. "Linajinyonga, kichwa tu ndicho kinachogeuka."

Shangazi alijibana hadi vidole vyake vikafika, akavuta taratibu, akaachia. Ikarudi tena. Akaenda jikoni kuchukua nondo.

Tulilichoma mara tatu zaidi, kila mara na nta yake. Mara ya tatu nilipokaza lililia, nilipolegeza likalia zaidi, na safari hii spana haikurudi. Nilihesabu mizunguko kumi na moja kabla halijaniangukia kiganjani, la moto bado. Nikapiga kelele.

Baba mkubwa alilichukua kwa ncha ya shati lake. Chini kidogo ya kichwa, chuma kilikuwa kimesokotwa na kuwa chembamba kama kikonyo cha pilipili.

"Hapa lilishaanza kukatika," alisema polepole.

"Basi wapigie watu wako wa Alhamisi, waambie wasije," shangazi akamwambia.

Akaweka kikombe chini, akatoa simu, akaanza kutafuta namba huku ananung'unika kwa Kishambaa maneno ambayo sitayaandika hapa. Mimi nilirudi kuchungulia tundu, nione nta imefika wapi.