Chumvi Yangu Kwenye Sinia la Wakwe

Jamani, aibu niliyoipata Butiama sijawahi kuipata popote, na ningeinyamazia mpaka kaburini, ila wifi zangu wameshaanza kuisimulia kwa namna yao (eti nilitolewa mbio na mapanga, uongo mtupu), kwa hiyo bora niwaambie mwenyewe ilivyokuwa.

Mimi nauza mitumba hapa Musoma, na kwa miezi mingi nilikuwa nachoka tu, nasinzia mbele ya wateja, nasikia baridi kwenye jua kali, nanenepa na wala sili sana, halafu shingo ikaanza kujaa. Hospitali wakapima damu wakasema ni tezi ya shingo, imevimba na inafanya kazi kivivu. Nikapewa vidonge vya kumeza asubuhi kabla sijala kitu, na nesi mmoja mpole (sina ugomvi naye kabisa) akanikalisha akanieleza habari za chakula: nitumie chumvi ya pakiti yenye madini joto, niitie mboga ikishaiva, nisiizidishe, muhogo ulowekwe vizuri na usiwe wa kila siku, nipate mayai, samaki na maziwa, nilale mapema, nitembee kwa miguu. Mambo mepesi tu. Sasa mimi nikishika jambo nalishika kama kupe, nikaitupa chumvi yote ya mawe niliyokuwaga napimiwa sokoni, nikaanza kutembea na ya kwangu kwenye kimfuko cha nailoni, popote ninapoenda kula.

Shingo nikawa naifunika kwa skafu. Mwanangu Magesa sikumwambia kitu. Alikuwa ameshapata mchumba, Nyabise, binti wa Butiama, na huku kwetu wakisikia mama wa kijana ana rovu, huo uvimbe wa shingo, wanaanza kuulizana limetoka wapi na wajukuu watazaliwaje. Baba yake alishafariki, ninaye huyo mmoja tu, nikaona siwezi kumharibia ndoa kwa sababu ya shingo yangu.

Siku ya kuongea mahari ikafika. Shemeji yangu Wambura akatoka Nyasura, Bunda, kuja kuwa msemaji wetu, na mambo yalianza vizuri sana, wanaume wakabaki sebuleni wanabishania ng'ombe kwa adabu zote, sisi wanawake tukaitwa chumba cha nyuma kula. Sinia la ugali wa muhogo na mtama, bakuli moja kubwa la kuku wa kienyeji, wote tunachovya humo humo. Nyabise akatunawisha. Mimi macho yangu yakaenda kwenye rafu, nikaona kopo la chumvi ya mawe, liko wazi, na moyo wangu ukashtuka kama vile nimeona nyoka. (Ningekula tu! Nesi hakuniambia nibebe chumvi ukweni!)

Mama yake Nyabise akasema tuombee chakula. Wote wakafumba macho. Nikaona hapa hapa, nikatoa kimfuko changu, nikanyunyiza upande wangu wa bakuli haraka haraka, nisijue kwamba shangazi yake binti anasaliga macho wazi.

"Yesu wangu! Mama Magesa, unatutilia nini kwenye chakula?"

Amina haikusemwa. Nikajibu ni chumvi, ni chumvi tu, na hilo jibu ndilo lililonimaliza.

"Chumvi? Kwani aliyepika hajui chumvi?" akadakia shangazi. Yaani hata mama yake Nyabise, aliyekuwa upande wangu, akanuna.

"Kama ni chumvi ilambe," akasema shangazi. Nikailamba. "Mwenye dawa yake haimdhuru huyo!" akawaambia wenzake. Sasa nifanyeje? Nikakumbuka pakiti ya hiyo chumvi, yenye maandishi, nimeibeba, nikapekua mkoba, na badala ya pakiti kikaruka kichupa cha vidonge, kikafunguka, vidonge vikatawanyika mpaka kwenye ugali. Shangazi akapiga ukelele. Wanaume wakaja mbio, Wambura mbele, na Magesa wangu akasimama mlangoni na suti yake akinitazama mimi niliyepiga magoti kwenye mkeka naokota vidonge kwenye ugali wa watu.

"Shemeji," akasema Wambura polepole, "hiki ni nini?"

Nikavua skafu. Sikuwa na namna nyingine. Nikawaonyesha shingo, nikawaambia tezi, vidonge, nesi, chumvi, vyote, huku nalia kama mtoto. Ndipo Nyabise akaweka jagi chini, akatoa vidonge vilivyobaki kwenye ugali, akakata tonge, akalichovya pale pale niliponyunyiza, akala. Akatafuna, akameza.

"Imezidi chumvi," akasema. "Mama, karibu tule."

Nampenda huyo binti mpaka leo. Shangazi aliuliza kama huo ugonjwa unarithiwa, nikamwambia ukweli kwamba sijui, tutakwenda kumuuliza daktari pamoja, akakubali kwa shingo upande. Mazungumzo yakaendelea, mahari ikapangwa. Wiki iliyofuata nikamsimulia nesi, akacheka mpaka akashika meza: "Mama, mlo mmoja wa ugenini hauharibu kitu. Tunaangalia unavyokula nyumbani kila siku."

Lakini kilichoniuma si hicho. Tulivyokuwa tunarudi Musoma, Magesa alitazama dirishani njia nzima, nikadhani anaona haya kwa sababu yangu. Tulipofika nyumbani akakaa kitini, hakuvua hata viatu, akaniuliza, "Mama, tangu lini?"

"Miezi minane."

"Miezi minane nakula kwako kila Jumapili," akasema, "halafu watu wa Butiama wanaiona shingo ya mama yangu kabla yangu mimi."

Nilijiambia namlinda, kumbe nilimfanya mgeni ndani ya nyumba ya mama yake mwenyewe. Tangu siku hiyo kliniki tunaenda wote, na nimeapa sitaugua tena kwa siri.