Kitufe Kimoja kwa Kila Mtoto

Jumanne, tarehe 11 Machi. Mvua imenyesha tangu alfajiri bila kupumua, na mawingu yameinama kiasi kwamba saa moja na nusu asubuhi darasani bado kuna giza.

Katika chumba cha mwisho cha shule hii ya msingi, mwanamke wa miaka hamsini na minne anapangusa kioo cha runinga kwa ncha ya mtandio wake. Midomo yake inachezacheza. Anaomba. Kisha anabonyeza swichi ya ukutani. Kimya. Anabonyeza tena.

"Umeme umekatika, bibi," anasema msichana mmoja.

"Najua, mjukuu wangu. Nilikuwa naubembeleza."

Wanafunzi wanaangua kicheko, lakini yeye anautazama mlango. Baada ya nusu saa kamati ya wazazi itaingia hapa kuamua kama darasa lake la gemu liendelee au lifungwe.

Watoto wanamwita Bibi Kitufe. Ni fundi wa redio na pasi, kazi aliyofundishwa na marehemu mumewe. Kila Jumanne na Alhamisi huwafundisha wanafunzi arobaini na watatu wa darasa la sita jinsi ya kutatua matatizo na kufanya kazi pamoja, kwa kucheza gemu. Shule humpa nauli na kikombe cha chai.

Alianza Januari na padi nne, vile vidude vya vitufe vinavyoshikwa mikononi. Watoto wakazigombania mpaka mmoja akamng'ata mwenzake sikio. Wiki ya pili padi tatu zikaharibika.

"Nilikaa chini nikasema, Mungu wangu, sasa nafanyaje?" anasimulia. "Nikaangalia mikono yangu. Padi ni moja, lakini vidole ni vingi."

Tangu siku hiyo watoto wanne hushika padi moja, kila mmoja na kitufe chake: kushoto, kulia, kuinua, kusimama. Yule mtu wanayemwendesha kwenye kioo havuki hata mtaro kama wanne hawa hawajasemezana. Kabla ya kuanza, runinga huzimwa dakika mbili wachore mpango kwenye karatasi. Na maneno "wewe ndiye umetuua" ni marufuku. Akiyasema mmoja, kundi zima linaanza upya.

Anayempinga zaidi ni mwenyekiti wa kamati, seremala mwenye sauti nzito, na ana sababu. Zamani fundi huyu alikuwa na chumba cha gemu mtaani. Mtoto wa seremala alishinda humo kutwa nzima siku ya mtihani, akafeli.

"Sikumuuliza kwa nini hayuko shuleni," anasema fundi bila kujitetea. "Nilimuuliza anataka gemu gani. Nilifunga chumba kile mwaka huohuo. Lakini kufunga si kutengeneza."

Saa mbili kamili kamati inaingia ikikung'uta miavuli. Seremala anaitazama runinga iliyozimika.

"Mama, ndiyo somo lenyewe hili? Umeme ukikatika, na akili inakatika?"

Kabla hajajibiwa, tone zito la maji linamdondokea begani. Jingine linatua juu ya kabati la vitabu. Punde dari inavuja sehemu tatu, na mbao za kabati zinaanza kulowa.

"Vitabu kwanza!" anaita mwalimu mkuu, aliyeingia pamoja na kamati. Watoto wanapanga mstari, na vitabu vinapita mkono kwa mkono mpaka darasa la jirani. Kabati linabaki.

"Hilo liacheni," anasema seremala. "Mimi mwenyewe nililiunganisha humu ndani. Halipiti mlangoni."

Fundi anageuka kuwaita watoto. Watoto wameshachuchumaa na karatasi. Wanachora. Msichana mmoja mpole, ambaye kwenye gemu hupewa kitufe cha kusimama, anachukua waya wa padi na kupima kabati, halafu mlango.

"Likisimama, ni refu kuliko mlango," anasema kwa sauti ndogo. "Tulilaze, milango yake tuitoe, miguu itangulie. Likifika nusu nje, tuliinue tukiligeuza."

Seremala anakuna kichwa, kisha anatoa bisibisi mfukoni.

Watoto wanne wanagawana amri kama wanavyogawana vitufe, na kila mmoja anaita yake. Wenzao wananyanyua, na seremala naye anashika kona. Mara ya kwanza linakwama. Hakuna anayelaumiwa.

"Tunaanza upya," wanasema kwa pamoja, kama wanavyosema kila Jumanne.

"Lisukumeni huku! Hapana, huku!" seremala anafoka.

"Samahani, baba," anasema msichana yule. "Leo wewe ni kushoto tu."

Wazazi wanaziba vinywa kuficha kicheko. Seremala anamtazama mtoto, kisha anasukuma kushoto.

"Inua... inua... simama!"

Kona ya kabati inasimama upana wa kidole tu kutoka kwenye runinga. Wanaligeuza kidogo, na ghafla liko nje, chini ya paa kavu la ukumbi. Watoto wanaruka kwa shangwe. Fundi anaegemea ukuta na kushusha pumzi ndefu, ile aliyokuwa ameibana tangu Januari.

Seremala anakaa juu ya kabati lake mwenyewe akihema. Anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Miaka tisa nawaambia watu halipiti!"

Kisha anamgeukia fundi, na kicheko kinakwisha. "Mama, kwa ajili ya mwanangu nilikuwa na kinyongo na wewe."

"Ulikuwa na haki nacho, baba."

"Basi leo nakitua hapa."

Mikono ya wanakamati inanyanyuka yote: darasa liendelee. Fundi anasema tumaini lake ni kupata runinga ya pili, ili darasa la tano nao waanze muhula ujao. Lakini hata ikipatikana, hakuna mahali pa kuiweka.

Seremala anasimama, anavua kofia na kupaza sauti ili hata walio mwisho wa ukumbi wasikie.

"Mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya wazazi na watoto hawa wote, naahidi: kabla ya muhula ujao kuanza nitaleta meza ya runinga hiyo, kwa mbao zangu na mikono yangu."

Anamtazama msichana mwenye waya mkononi.

"Na itapita mlangoni."